Mashine ya kujihudumia isigandishwe na printa

Vijana wa programu hapa Mtwara tukiwatajia mashine za kujihudumia za viwanja vya ndege, zile abiria anazojisajilia safari mwenyewe, wengi wanashikilia kodi (maagizo ya programu) ya mstari: fanya hili, ngoja, fanya lile. Laibrari za matukio, yaani kodi iliyokwisha andikwa ya kuitikia yanayotokea, kama Twisted ya lugha ya programu ya Python, wanaziona mbwembwe. Humo programu hukaa kwenye mzunguko mmoja ikisubiri matukio. Skrini ikiguswa au kitambulisho kikisomwa, kipande cha kodi kinachohusika ndicho huitwa.

Hoja yao si ya kubeza. Kodi ya mstari hata mgeni anaisoma. Ya matukio inarukaruka, na aliyeiandika akihamia Dar, fundi aliyebaki hapa Shangani, Mtwara, anapata taabu. Tena kipande kimoja kikizembea, mzunguko mzima unaganda.

Lakini tuiangalie printa. Abiria ana kiroba chake cha korosho, amechagua kiti, amethibitisha, karatasi ikakwama. Kodi ya mstari imeshatoa amri ya kuchapa, inangoja jibu. Ikingoja haisikii kidole, wala haijui kwamba huyu ameondoka na mwingine amefika. Jina la wa kwanza bado linasomeka na kila mtu. Na kiti je? Seva ya shirika inasema kimetolewa, mwenyewe mkononi hana kitu. Akijaribu mashine ya pili anaambiwa ameshasajiliwa. Basi anaitwa mhudumu, na foleni tuliyotaka kuiondoa hiyo imerudi. Kwenye kodi ya matukio, karatasi kukwama ni taarifa kama nyingine: sekunde zinaendelea kuhesabiwa, skrini inafutwa, mhudumu anajulishwa.

Wengine watasema kila kifaa kipewe uzi wake (thread), yaani mkondo wake wa kazi unaokwenda sambamba na mingine. Sawa, ila nyuzi 2 zikigusa rekodi moja kwa pamoja, kosa lake hutokea likapotea, ukilitafuta hulioni. Mzunguko kuganda kuna dawa: Twisted ina deferToThread ya kusukumia kazi nzito pembeni.

Kiwango cha CUSS cha IATA, chama cha kimataifa cha mashirika ya ndege, kinachowezesha mashirika kadhaa kutumia mashine moja, nacho hutoa habari za vifaa kwa matukio. Anayeng'ang'ania mstari atayapokea tu, kisha ayapange foleni kwa mkono. Na ule ugumu wa kusoma umepungua sana tangu Python 3.5 ya mwaka 2015 ilete maneno ya async na await: kodi ya matukio sasa inasomeka juu hadi chini. Fundi wa Shangani bado atahitaji kufundishwa mzunguko unavyokwenda, hilo siwabishii.