Mwinuko Ulioko Bondeni

Jamani, mimi sina ugomvi na maendeleo. Nalisema mapema kwa sababu siku hizi ukilalamika kidogo tu unaambiwa una wivu. Ugomvi wangu ni na bango.

Bango lenyewe limesimamishwa pale njia inapokata kuelekea mtoni, kubwa kama ukuta wa darasa, na limeandikwa kwa dhahabu jina la mtaa mpya utakaojengwa hapa ukingoni: Rivavyu Haitsi. Naandika ninavyosikia, walivyoandika wao yataka meno yote thelathini na mawili. Nikampigia mpwa wangu anayesoma mipango miji, nikamwuliza hayo maneno yana maana gani. Akasema, "Mjomba, rivavyu ni mahali unapouona mto. Haitsi ni mwinuko."

Mwinuko! Hapa? Hapa tangu nipate akili tunapaita Topeni, na hatukupaita hivyo kwa kukosa washairi. Ni bonde. Mpira ukiwaponyoka watoto popote kule juu, wanakuja kuuchukua huku. Ikinyesha kwa watu, sisi tunapandisha viatu juu ya kabati. Sasa kaja mtu na gari, kashuka dakika kumi, kakunja suruali, kaondoka, na miezi michache baadaye tumekuwa mwinuko. Mimi na jirani yangu tulisimama tukalitazama bango, tukalitazama bonde, tukatazamana.

Na ile picha ya kwenye bango! Nimeisoma kuliko nilivyosoma vyeti vya watoto wangu. Mto humo ni wa bluu. Watu wote ni vijana na wote ni wembamba, na hakuna aliyebeba kitu kizito zaidi ya kikombe chenye mfuniko. Nimevihesabu vikombe, ni kumi na vinne. Yupo mtoto ameshika puto. Yupo mbwa. Kivuli cha mti kinalala kushoto, cha mbwa kinalala kulia, kwa hiyo nadhani mtaa huo utakuwa na majua mawili, moja la wakazi na moja la mbwa. Miti nayo ni mikubwa, ya kumfunika mtu na ukoo wake, na imeota siku moja na lami.

Nikaanza kuitafuta nyumba yangu. Nilianzia darajani, maana daraja wamelibakiza, nikaja na kidole taratibu: daraja, kona, ule mti uliopinda (wameunyoosha), halafu mimi. Nikafika. Nyumba yangu ni bustani. Majani mafupi, yamekatwa vizuri, sikatai. Na pale kilipo choo changu pana benchi, na kwenye benchi amekaa dada mmoja na kompyuta mapajani, anatabasamu. Nilimtazama sana yule dada. Nikasema moyoni, laiti ungejua umekalia nini.

Mpwa wangu akaniambia nisipandishe presha, ndivyo mambo yanavyokwenda duniani: jina linatangulia, mtaa unafuata. Akanitumia mifano usiku kucha, simu ikawa inaguna chini ya mto, namaanisha mto wa kulalia.

Chicago, kwa mfano, ina maeneo rasmi 77, kila moja na jina lake kwenye ramani. Sasa kando ya tawi la kusini la mto wao pana kiwanja cha ekari 62, zamani kulikuwa na reli, kikakaa miaka na miaka kinaota majani. Hata mto wenyewe hapo ulikuwa na kona, wakaunyoosha mwishoni mwa miaka ya 1920 kama walivyonyoosha mti wangu. Wawekezaji wakakitaka kiwe mtaa mpya wa ukingoni. Wakafikiri, wakafikiri, wakatoka na jina: The 78. Yaani yuko sabini na saba, huyu ni sabini na nane! Mimi nina watoto watano na hakuna hata mmoja anayeitwa Tano. Tena wangu walizaliwa kwanza ndipo wakapewa jina. Wao wametoa jina kiwanja kikiwa bado majani.

Ila watu wa Chicago na mto wao huwawezi. Mwaka 1900 waliugeuza utiririke kinyumenyume, ili uchafu usiingie kwenye ziwa wanalokunywa. Ukaelekea kwa wengine. Na tangu 1962, kila Machi wanautia rangi ya kijani kwa makusudi, umati unajaa, picha zinapigwa. Wetu hubadilika rangi wenyewe bila bajeti ya mtu, na sijaona kamera hata moja.

London nao wana minara ya mabenki kwenye gati za zamani za Mto Thames, panaitwa Canary Wharf. Nikadhani ni yule ndege mdogo wa manjano. Kumbe gati hiyo ilikuwa ikipokea matunda kutoka Visiwa vya Canary, na jina la visiwa, wanavyosema wengi, limetokana na neno la Kilatini la mbwa. Ndege naye aliazima tu kwa visiwa. Sasa sikiliza: minara hiyo imesimama mahali panapoitwa Isle of Dogs, yaani Kisiwa cha Mbwa. Mabenki wamekimbia mbwa wakaangukia mbwa! Kampuni iliyoanzisha ujenzi ilielemewa na madeni 1992, ikaanguka. Jina likabaki limesimama, limevaa tai.

Afadhali Buenos Aires. Bandari yao ya mtoni ilijengwa mwishoni mwa karne ya 19, na haikuchukua muda meli zikawa kubwa kuliko bandari. Ikachakaa. Kuanzia 1989 wakaigeuza mtaa wa kuishi na kufanyia kazi, na barabara zake wakazipa majina ya wanawake. Mke wangu aliposikia hilo akasema yeye yuko tayari kuhama hata jioni hiyo. Lakini eneo zima linaitwa Puerto Madero, kwa jina la mfanyabiashara aliyeleta ile bandari iliyozidiwa na meli. Nimejifunza kitu hapo: ukikosea kidogo unafukuzwa kazi, ukikosea kwa ukubwa wa bandari unapewa mtaa.

Haya, turudi kwetu. Tuliitwa mkutanoni kutoa maoni kuhusu jina. Maoni! Wahudumu waliokuwa wanatupangia viti walikuwa wamevaa fulana, na jina lilikuwa limeshachapishwa mgongoni. Kijana mwenye kipaza sauti cha kubana shavuni akatugawia karatasi ndogo za kunata, za njano na za waridi, akataka kila mmoja aandike neno moja linalomjia akisikia "mto". Jirani yangu, mama mtu mzima, akaandika MBU. Herufi kubwa, na mstari chini. Kijana akaisoma, akameza mate, akaenda kuibandika ukutani chini ya kichwa kilichoandikwa "Bioanuwai". Mzee mmoja aliandika "mkwe wangu aliteleza", akarudishiwa kwa kuwa ni maneno matatu. Mimi niliandika "Topeni".

"Mzee wangu," kijana akaniuliza, "hii ni hisia?"

Nikamwambia ni anwani.

Sikujua iliishia ukuta gani. Mkutano ulipokwisha nikamwona yule kijana anapanda gari lao, na chini ya soli ya kiatu chake kuna karatasi ya njano imenata. Mwandiko ulikuwa wangu. Topeni ikapanda gari, ikafunga mlango, ikaondoka.

Lakini kilichonikera kuliko jina ni yale maneno mengine: matumizi mchanganyiko. Yaani jengo moja, chini maduka, katikati ofisi, juu watu wanalala. Ukumbi ukapiga makofi. Mimi mikono ilibaki magotini, kwa sababu mimi nilishaandikiwa barua. Kwangu mbele ipo cherehani ya mke wangu, ubavuni kipo kiti cha kinyozi anayenilipa kodi, nyuma tunalala sisi, na kuku wanalala palipobaki kwa adabu zao. Miaka mitatu iliyopita akaja afisa mmoja na kalamu, akazunguka nyumba mara mbili, akasema hili ni eneo la makazi, biashara zitoke. Nikamwuliza kuku ni biashara au makazi. Akaandika kitu, hakunionyesha.

Mpwa wangu akanieleza kisa chenyewe. Karne iliyopita wapangaji wa miji walipenda sana kutenganisha: hapa kulala, pale kuuza, kule viwanda. Marekani, Mahakama ya Juu ikalibariki jambo hilo mwaka 1926, katika kesi ya mji mdogo uitwao Euclid. Miji ikatawanyika hadi mtu akawa anawasha gari kufuata kiberiti. Baadaye wenyewe wakachoka. Sasa kuchanganya ndiyo elimu mpya, inatolewa shahada.

"Kwa hiyo, mjomba, wewe ulitangulia," akasema.

Nilitangulia! Na aliyetangulia ndiye anayeambiwa akiondoe kiti cha kinyozi? Nimepiga hesabu zangu zote, tofauti ya nyumba yangu na jengo lao ni lifti.

Wiki ile ile malori yakaanza kumwaga kifusi. Mchana kutwa, lori linarudi kinyumenyume linalia tii, tii, tii, hadi kuku wangu mmoja akajifunza ule mlio. Wanauinua upande wao kwanza ndipo wajenge, na kwa hilo siwezi kuwacheka, wana akili. Mpwa anasema hata Hamburg walifanya hivyo. Kwenye HafenCity, mtaa wao mpya juu ya gati za zamani za Mto Elbe, barabara na majengo viliinuliwa hadi mita 8 au 9 juu ya usawa wa bahari, na njia za matembezi kando ya maji zikaachwa chini, zifurike zikipenda, zikauke zikipenda. Wajerumani walilipanga hata hilo la maji kupanda na kushuka. (Jumba lao la muziki hapo hapo ukingoni lilianza kujengwa 2007 likafunguliwa Januari 2017, kwa hiyo nao ni binadamu.)

Sasa mto haujui kusoma bango. Ukiuzibia pale ulipozoea kutandaza miguu, unaitandaza kwa jirani. Zamani bonde lote lilikuwa bakuli moja, tunagawana: maji ya vifundoni kwako, ya vifundoni kwangu, tunapeana pole. Wenzetu wakishainuka, bakuli tunabaki nalo wenyewe. Kwenye fremu ya mlango wangu zipo alama za kalamu. Upande wa kushoto ni kimo cha watoto, upande wa kulia ni kimo cha maji, kila mwaka na tarehe yake. Kitinda mimba bado hajaipita ile alama ya juu ya kulia, na mimi nilikuwa nimemwahidi zawadi siku atakayoipita. Naona ahadi hiyo itanichukua muda. Ndipo nikaelewa lile jina. Kumbe mwinuko wanao kweli, ila unahesabiwa kuanzia kwangu.

Simu nayo ikanigeuka. Nilifungua ramani, Topeni haipo. Wameshaandika Rivavyu Haitsi juu ya bonde zima, pamoja na juu ya kuku wangu. Siku mbili baadaye kijana wa pikipiki alikuwa ananiletea mkanda wa cherehani, akanipigia kwa hasira.

"Mzee, nimefika Rivavyu. Hakuna nyumba hapa, kuna bango tu."

"Liangalie hilo bango. Unamwona dada mwenye kompyuta?"

"Namwona."

"Shika njia uje hapo alipokaa."

Dakika nne akawa mlangoni. Niseme haki ya Mungu, sijawahi kupata mtu aliyefika kwangu haraka hivyo.

Sasa hapa mnisikilize vizuri kabla hamjanihukumu. Kinyozi naye mwishowe aliiogopa ile barua, akahama, na chumba chake cha ubavuni kiko wazi. Kodi haijilipi. Jumapili nikachukua kipande cha mbao na rangi iliyobaki, nikaandika: CHUMBA KINAPANGISHWA, RIVAVYU HAITSI. Nikakigongea nje kimya kimya. Mke wangu akatoka, akakisoma, akakisoma tena kwa sauti ili majirani wasikie. Akaniuliza na yule mzee aliyeandika "Topeni" mkutanoni kaenda wapi. Nikamwambia asogee karibu, nimeandika pia "karibu na", ila rangi ilikuwa inaisha ndiyo maana herufi ni ndogo.

Kabla hajanijibu simu ikalia. Kijana, sauti ya mtu wa ofisini. Akauliza maji, nikamwambia yapo. Umeme upo. Kisha akasita kidogo, akauliza kama chumba kina mandhari ya mto.

"Unayo, mwanangu," nikamwambia. "Tena mvua zikikolea huna haja ya kusogea dirishani. Mto unakufuata wenyewe hadi kitandani."