Hapana kabisa

Kuna mama anauza vitenge Kariakoo, nikamtengenezea duka la mtandaoni. Wakati bado najenga nikaweka utepe mwekundu pale juu: HILI NI DUKA LA MAJARIBIO, USITUME PESA. Utepe unawashwa na mstari mmoja tu kwenye faili la mipangilio liitwalo .env, VITE_MAJARIBIO=true. Siku ya kufungua nikabadilisha ikawa false, yaani hapana, nikarestati seva, nikaenda zangu kula chipsi mayai.

Saa mbili usiku simu. Shikamoo mama.

"Marahaba mwanangu, mbona wateja wanasema duka langu limewakataza kutuma pesa?"

Nikaingia kwenye seva, false ipo. Nikarestati, utepe upo, nikarestati tena kama mara saba hivi, nikasingizia kashe (nakala ya zamani inayobaki kwenye simu), nikamwambia mama azime simu aiwashe, maskini akazima yake na ya mwanae pia. Saa sita usiku ndo akili inarudi, hii kitu haisomwi kwenye seva kabisa, inabandikwa ndani ya javaskripti (lugha inayoendesha ukurasa) pale pale unapobildi, unapogeuza kodi kuwa duka lenyewe, yaani muda wote huo nilikuwa natia sukari kwenye maandazi yaliyokwisha kaangwa.

Haya, nikabildi upya. UTEPE UPO. Nikaandika FALSE, upo. Nikaandika 0, upo. Kwa hasira nikaandika hapana, halafu hapana_kabisa, upo tu unanitazama. Kumbe chochote cha kwenye .env kinafika kama maandishi, na kwa javaskripti maandishi yenye hata herufi moja ni ndiyo, hata ungeandika tusi. (Na chombo chenyewe cha kubildi kinaitwa Vite, Kifaransa hicho, maana yake haraka. Ningeshtuka mapema.)

Asubuhi niko dukani kwake namweleza yote hayo, yeye anakunja vitenge hata haniangalii.

"Sasa mimi kwenye daftari langu la madeni, asiyedaiwa namwandika fulani hadaiwi? Si simwandiki tu."

Nikafungua laptopu pale pale juu ya mzigo wa vitenge, nikafuta neno, nikaacha VITE_MAJARIBIO= mbele patupu, nikabildi. Utepe ukaondoka. Najua nilitakiwa kulinganisha na neno 'true' kwenye programu yenyewe, msinipige.

Basi nikajikohoza, mama, na ile hela yangu iliyobaki?

"Mwanangu, si wewe mwenyewe uliandika pale juu, usitume pesa?"