Watu wa jangwani wasio na hata mbuzi

Huku majuu, kwenye filamu, jangwa ni mandhari, basi. Nilipoiangalia Dune ya Denis Villeneuve (2021), ukumbi ulicheka pale Stilgar, kiongozi wa Fremen, wenyeji wa sayari ya jangwa, alipotema mate mbele ya Leto, mtawala mpya aliyetoka sayari nyingine. Walinzi wa Leto wanataka kumrukia, Duncan Idaho, askari wake, anawatuliza na kumshukuru mgeni kwa zawadi ya maji ya mwili wake. Kwangu hapo ndipo filamu ilipowapatia hasa watu wa jangwani. Maji yakiwa haba, adabu huyafuata, sheria huyafuata, hata mazishi: Fremen huyakamua maji ya maiti wao yakarudi kwa jamii.

Sasa watafutie mifugo. Hawana hata mbuzi, wana minyoo mikubwa ya kupanda tu. Mbedui wa Uarabuni au Mtuareg wa Sahara maisha yake yamesimama juu ya wanyama: nani atangulie kunywesha kisimani, malisho ni ya nani msimu huu, fidia ilipwe ngamia wangapi. Ukishaondoa hayo yote unabaki na wapiganaji wanaomngoja mtu wa kuwaongoza, naye Paul, mwana wa Leto, huyo anashuka kutoka sayari nyingine. Frank Herbert, aliyetoa kitabu mwaka 1965, alikusudia mkombozi huyo awe onyo, na filamu ya pili ya 2024 ikampa Chani, msichana wa Fremen, mashaka hayo, nami naisifu kwa hilo. Lakini niliokaa nao ukumbini walitoka wakimshangilia Paul.

Star Wars ya 1977 ndiyo mbaya zaidi. Tusken, watu wa jangwani wa humo, ni vitambaa usoni na makelele. The Book of Boba Fett, tamthilia ya baadaye ya Star Wars, ikaja kuwapa ngoma, mafunzo na utu, kisha ikawaua ili hadithi ya mgeni, Boba Fett mwenyewe, isonge mbele. Kha!

Nyumbani nako tusijisifu. Huku majuu mhamaji, mfugaji anayefuata malisho, anatukuzwa na watu wasiomjua. Kwetu tunamjua na bado tunamdharau. Hatajwi kwenye habari mpaka ukame upige au mifugo iibwe, na watu wa mjini wanauliza kwa nini asitulie mahali pamoja. Nikilazimishwa kuchagua, nitachukua dharau ya nyumbani, maana huko mhamaji mwenyewe yupo na anaweza kunijibu.

Na si kwamba wasanii wa filamu hawana wa kumuuliza. Sehemu za Dune zilipigwa picha Wadi Rum, bonde la jangwa huko Jordan, ambako Wabedui wapo hadi leo, wengine wakiwazungusha watalii mchangani kwa pikapu. Wangeketi nao wakati skripti inaandikwa, badala ya kuwatafuta siku ya kupiga picha.