Acheni Kupaka Kiwi Juu ya Vumbi

Katika miaka 11 ya kubeba mizigo Kilimanjaro nimenunua jozi nne za buti za ngozi, zote mtumba, zote Soko la Memorial hapa Moshi. Tatu bado ninazo. Moja niliiua mwenyewe.

Nilishuka njia ya Mweka msimu wa mvua, tope hadi kwenye kamba. Kesho yake nilikuwa na safari nyingine, nikaziegesha buti kando ya jiko la mkaa zikauke. Asubuhi zilikuwa zimekakamaa, na pale vidole vinapokunjia pana ufa. Ngozi ni nyuzi zenye mafuta katikati yake. Ikilowa halafu ikachomwa na moto, nyuzi hujikunyata na kushikana, na ikishapasuka hakuna mafuta yatakayoziba. Siku hizi najaza magazeti ndani, nabadilisha yakilowa, naziacha kivulini penye upepo. Siku mbili, hata tatu. Mwenye haraka awe na jozi ya pili.

Sasa kiwi. Tumeizoea tangu shule: mwalimu yuko paredi anakagua viatu, nawe unapaka haraka haraka juu ya vumbi la njiani. Kinang'aa, umepona fimbo. Tabia hiyo tumepanda nayo mlimani. Lakini kiwi ni nta na rangi, kazi yake ni ya juu juu, na vumbi letu ni la volkano. Ukitoka kambi ya Barafu kwenda Stella Point, ukingoni mwa kreta, mita 5,756, unatembea juu ya changarawe na majivu yanayoingia kila mkunjo wa buti. Kila hatua yanakwangua kama msasa. Ukipaka kiwi juu yake umeufungia msasa humo humo.

Kwa hiyo toa kamba kwanza. Wengi hawatoi, na uchafu mbaya zaidi uko chini ya ulimi. Piga brashi kavu, mikunjo uifuate kwa mswaki wa zamani, kisha futa kwa kitambaa chenye unyevu. Sabuni ya unga hapana, inakomba mafuta ya ngozi. Buti zikikauka ndipo uzilishe: mimi nayeyusha nta ya nyuki na mafuta ya nazi katika bakuli lililokaa juu ya maji ya moto, napaka kidogo sana kwa vidole, asubuhi nafuta yaliyobaki. Rangi itakolea kidogo, ujue hilo mapema, na zile za ngozi yenye manyoya manyoya usiziguse na mafuta haya. Kuna wenzangu wanapaka mafuta ya alizeti ya jikoni. Yanachacha, yananata, yanavuta vumbi lile lile.

Kuhifadhi hakuna maneno mengi: penye hewa. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku Juni 2019, lakini ajabu, kila nyumba bado ina mmoja wa kufungia viatu, na ukiufungua baada ya masika unakuta ukungu. Futia nje ya nyumba, kwa siki na maji nusu kwa nusu.

Jozi ya nne ilikuwa nzuri mno. "Kaka, hii ngozi orijino," muuzaji aliniambia, na hakudanganya. Tatizo lilikuwa soli ya kati, ile laini kama sponji. Ni poliurethani, na unyevu wa hewani huivunja polepole hata buti zikikaa kabatini bila kuvaliwa. Siku ya tatu njiani soli iliachia, nikaifunga kwa kamba ya hema mpaka chini. Tangu hapo, kabla ya kulipa nabonyeza pale kwa dole gumba. Ikimumunyuka, narudisha.

Fundi wangu wa viatu alizigeuzageuza buti hizo, akauliza imekuwaje juu pazima hivi na chini pameoza. Akanishonea soli ya tairi. Ni nzito, nazivaa shambani.