Goti la Mama Mkwe

Jamani, mimi India nilikwenda kwa ajili ya goti. Tena si langu, la mama mkwe. Daktari wa Delhi akalibonyezabonyeza, akasema mrudi baada ya siku kumi. Nikashukuru kimoyomoyo: siku kumi za kulala. Mke wangu akaja na lake: "Baba Zuhura, tutakaa ndani siku kumi kama kuku anayeatamia?" Ndiyo maana mfukoni nina stakabadhi ya gari la kukodi.

Asubuhi moja ya Januari tukatoka Agra kwenda Jaipur. Kama kilomita 240, wanaendesha kushoto kama kwetu. Nikajua adhuhuri tumefika. Ng'ombe sikuwapigia hesabu. Ng'ombe wa kule analala katikati ya lami anacheua, anakutazama kana kwamba umeingia chumbani kwake bila hodi. Dereva anasubiri. Nyuma honi tupu! Kwetu ukimpigia mtu honi mara mbili anashuka na matusi. Kule malori yameandikwa kabisa nyuma, kwa Kiingereza cha rangirangi: tafadhali piga honi. Basi watu wanatii.

Dereva wetu alikuwa amening'iniza mbele ya gari ndimu na pilipili saba, kinga ya husuda. Kitinda mimba wangu akauliza kachumbari ile italiwa saa ngapi.

Nje, mashamba ya haradali, njano mpaka macho yanawasha. Vijijini wanakanda samadi kama chapati, wanaibandika ukutani ikauke iwe kuni, na kila chapati ina alama ya vidole vitano vya aliyeibandika. Mke wangu alizipiga picha arobaini. Mimi niliyelipia safari simo hata kwenye moja.

Kwenye kijiji cha Abhaneri dereva akasimama. Kuna kisima cha kale, Chand Baori, ngazi 3,500. Nikamaka: mgonjwa wa goti, ngazi 3,500? Kumbe wamezungushia vyuma, hushuki, unachungulia tu. Mama akachungulia. "Ngazi zote hizo, na maji yenyewe ya kijani." Akarudi garini.

Lakini lililoniuma hasa ni pale kwenye mgahawa wa kando ya barabara, wenyewe wanauita dhaba. Nikatoa Kiingereza changu cha kidato cha sita, nikaomba kwa heshima mahali penye kivuli. Kijana ananikodolea macho. Mama mkwe, ambaye Kiingereza hajui hata salamu, akanisogeza kwa kiwiko.

"Meza!" Ikaletwa. "Chai!" Ikaja, na vikombe vya udongo. "Chapati! Achari!" Vikaja. "Sabuni!" Kijana huyo mbio. Kumbe maneno yote hayo wanayo! Ada ya shule marehemu baba alilipia nini?

Kufumba na kufumbua, mama yuko juu ya kitanda cha kamba kama cha kwao Rufiji, akina mama wawili wanamchua goti kwa mafuta ya haradali, wanacheka wote watatu. Wanacheka nini, sijui. Walikuwa wakinitazama mimi. Na goti, eti, likatulia.

Mama alipotosheka akajifuta mikono, akapaza sauti: "Hesabu!"

Mwenye mgahawa akaja na kikaratasi. Akampita mama, akampita mke wangu, akaja kuniwekea mimi mbele. Hapo, bila Kiingereza, tulielewana.