Kadi kubwa, video bado inakwama

Mhariri mmoja wa video ninayemfahamu aliniita nikaitazame kompyuta yake mpya. Kesi ya kioo, feni za taa kila kona, na kadi ya grafiki nene kama tofali ambayo peke yake ilimeza zaidi ya nusu ya bajeti. Shida yake ilikuwa moja: akiburuta taimulaini (ule mstari wa video kwenye programu ya kuhariri) kurudi nyuma, picha inaganda, inaruka, inaganda tena. Ile mashine ya zamani aliyoiuza ili aongezee hela ya hii haikuwa na ugonjwa huo.

Tukafungua Task Manager ya Windows, kwenye ukurasa wa utendaji, upande wa GPU, yaani kadi ya grafiki. Pale kuna grafu ndogo iitwayo Video Decode, ya kazi ya kufungua video iliyobanwa. Ilikuwa sifuri, mstari umelala chali. Prosesa nayo iko asilimia 100, feni zinavuma. Kadi yote ile imekaa kama mgeni rasmi: imepewa kiti cha mbele, kazi wanafanya wengine.

Tangu siku ile nimekuwa nikifuatilia kwa karibu mabishano ya watu wanaounda mashine za kuhariri video. Wapo wanaosema anza na kadi ya grafiki, kubwa kadiri mfuko unavyoruhusu, vingine vitafuata. Na wapo wanaosema kadi ya kati inatosha; hela iende kwenye prosesa yenye kadi ya grafiki ndogo ndani yake, na kwenye RAM, memori ya kazi ya mashine. Hawa wa pili huchekwa. Husikika kama watu wanaofariji umaskini wao, kwa sababu kadi ya ndani ina sifa mbaya: kwenye gemu haifui dafu. Lakini mhariri hachezi gemu.

Chanzo cha mkanganyiko ni kamera yenyewe. H.264 ya mwaka 2003 na H.265 iliyoifuata mwaka 2013, ambazo ni kodeki, yaani njia za kubana video, hupunguza ukubwa wa faili kwa ujanja mmoja: hazihifadhi kila fremu nzima. Huhifadhi fremu moja kamili, kisha zinazofuata huandikwa tofauti tu, nini kimesogea na nini kimebadilika. Ukitaka kuona fremu ya katikati, mashine lazima irudi kwenye ile kamili na kujenga kuanzia pale. Ni kama kumuuliza mtu mstari wa saba wa shairi alilokariri; utamwona midomo ikitembea, anaanza ubeti wa kwanza. Kucheza video kwenda mbele si tabu sana. Kurudi nyuma, kuruka huku na huku ukitafuta pale mtu alipovuta pumzi, ndipo mashine inapotoka jasho. Na kuhariri ni nini kama si kuruka huku na huku mchana kutwa?

Kazi hiyo ya kusimbua, yaani kufungua video iliyobanwa, haifanywi na misuli ile inayopaka moto na maji kwenye gemu. Ina sakiti yake ndogo, maalumu, inayojua kodeki fulani na isiyojua nyingine. Ikiijua, kazi inakuwa nyepesi. Isipoijua, mzigo wote unaangukia prosesa, hata kama kadi ina ukubwa wa mlango. Kadi za GeForce za Nvidia za mfululizo wa RTX 30 na RTX 40, kwa uwezo wake wote, hazina sakiti ya kusimbua video ya 4:2:2, namna ya kuhifadhi rangi ambayo kamera nyingi za siku hizi hurekodi pamoja na biti 10 ili kubeba rangi zaidi. Intel kwa upande wake iliweka sakiti ya namna hii ndani ya prosesa zake tangu 2011, ikaiita Quick Sync, na kwenye kompyuta za mezani kuanzia kizazi cha 11 inafungua H.265 ya 4:2:2 ya biti 10 bila kelele.

Sasa njoo kwenye herufi F. Prosesa ya Intel ya mezani yenye F mwishoni mwa jina lake hutoka kiwandani ikiwa kadi ya ndani imezimwa, na huuzwa bei ya chini kidogo. Mcheza gemu huchukua F bila kuwaza, na yuko sahihi, ana kadi yake kubwa. Mhariri naye ananakili orodha ya mcheza gemu neno kwa neno, anaokoa kiasi kidogo, na katika kuokoa hicho kidogo anatupa kipande pekee ndani ya kesi nzima kilichojua kusoma kamera yake. Hapatokei onyo lolote. Mashine inawaka, gemu zinapaa, vipimo vya kasi vinatia moyo. Ni taimulaini tu inayokwama, na mwenyewe analaumu programu, kisha analaumu diski, mwisho anaanza kufikiria kadi kubwa zaidi. Huyu ndugu yangu alikuwa ameshafika hatua hiyo ya mwisho.

Nisieleweke kwamba kadi yoyote ya ndani ni mkombozi. Prosesa za Ryzen 7000 za AMD nazo zina kadi ya ndani, ila haifungui 4:2:2. Na kama kamera yako inarekodi 4:2:0 ya kawaida, yenye taarifa chache za rangi, kadi karibu zote za leo zinaijua na mjadala huu haukuhusu.

Wanaosema kadi kwanza wana hoja, tena nzito. DaVinci Resolve, programu ya kuhariri na kupaka rangi, huikabidhi kadi karibu kazi yote ya picha: rangi, kupunguza chenga (vidoti vya picha za gizani), madoido ya Fusion. Faili za RAW, yaani picha ghafi za kamera, za aina ya R3D na BRAW nazo huitegemea sana kadi. Halafu kuna memori ya kadi. RAM ikikupungukia unaweza kuongeza mwezi ujao. Memori ya kadi imechomelewa palepale, ukikosa umekosa. Kadi ya GB 8 ikipewa picha ya 4K yenye kupunguza chenga na tabaka mbili tatu juu yake, Resolve inaweza kukuambia waziwazi kwamba memori ya GPU imejaa, na hapo hakuna cha kubembeleza. Anayekesha kwenye rangi akiniambia ataanza na kadi, sina la kumbishia. Zaidi ya hapo, RTX 50 zilizotoka 2025 zimeongezewa uwezo wa kusimbua 4:2:2, kwa hiyo hoja ya herufi F imepungua makali kwa anayenunua kadi mpya kabisa. Kwa anayenunua ya kizazi kilichopita kwa sababu imeshuka bei, bado iko palepale.

Ila kadi kubwa haiji peke yake, huja na ukoo. RTX 5090 imepangiwa wati 575 yenyewe tu, kabla hujahesabu prosesa. Itataka pawa saplai ya maana, kesi pana, hewa ya kutosha. Na hela hiyo ya ukoo hutoka wapi? Kwenye RAM.

Hapa naomba tupige hesabu, kwa sababu RAM ndiyo inayodhulumiwa kuliko vyote. Fremu moja ya 4K ina pikseli 3840 kwa 2160, yaani 8,294,400. Faili ya kamera inaibana sana, lakini programu haiwezi kupaka rangi juu ya kitu kilichobanwa, lazima ikitandaze. Ikitandazwa kwa biti 8 kwa kila chaneli, chaneli nne (rangi tatu na uwazi), fremu hiyo ni megabaiti 33. Kwa biti 32, hali anayoweza kuichagua anayechanganya picha kwenye programu ya After Effects, ni karibu megabaiti 133. Zidisha kwa fremu 25, sekunde moja ni zaidi ya GB 3.3. Sekunde kumi ni GB 33. Yaani mwenye RAM ya GB 32, ambayo kwenye maduka huitwa ya kutosha, hawezi kushikilia hata sekunde kumi za onyesho hilo kichwani mwa mashine, na Windows nayo bado inataka pa kukaa. Kinachozidi kinamwagwa kwenye diski au kinatengenezwa upya kila unapobonyeza kucheza. Wanaopuuza RAM hawajawahi kuketi wakisubiri mstari wa kijani wa onyesho ujae kwa mara ya tano. (Ukinunua, chukua vijiti viwili vikubwa kuliko vinne vidogo, DDR5 ikijaza nafasi zote nne kwa kawaida hushuka kasi.)

Kwenye diski watu hukosea kinyume chake. SSD ya kasi ya PCIe 5.0 inaweza kusoma megabaiti 14,000 kwa sekunde, nambari tamu sana kuitaja mbele ya wenzako. Kamera inayorekodi megabiti 200 kwa sekunde inahitaji megabaiti 25. Weka kamera nne pamoja, unafika 100. SSD ya kawaida kabisa ya SATA, aina ya zamani na ya polepole zaidi, yenye megabaiti 500 na ushee, inabeba hayo huku inapiga mluzi.

Wapo pia wanaosema yote haya ni kelele, tengeneza proksi (nakala nyepesi za video za kuhariria) uendelee na maisha. Ni kweli, proksi hufanya kazi, na mashine dhaifu zimeokolewa nazo. Lakini mtu ameshanunua kadi yenye bei ya pikipiki, halafu anasubiri proksi?

Yule mhariri aliiuza prosesa yake ya F, akachukua ileile isiyo na F, ikaingia kwenye mazabodi ileile. Siku ya kwanza hapakubadilika kitu, hadi tulipoingia BIOS, mipangilio ya msingi ya mashine, na kuiwasha kadi ya ndani, maana mazabodi ilikuwa imeizima yenyewe ilipoona kuna kadi kubwa. Tulipofungua Task Manager kulikuwa na GPU mbili kwenye orodha. Ile ndogo, grafu yake ya Video Decode ilikuwa inapanda na kushuka anavyoburuta taimulaini kwenda na kurudi. Prosesa imetulia. Kubwa bado imekaa, hadi alipobandika kupunguza chenga kwenye picha za usiku. Hapo nayo ikaamka.