Watafiti wa Kigeni Katika Wodi Zetu za Wazazi: Nani Anabaki na Kazi?

Januari 2013, kwa siku tatu, ukumbi wa AICC hapa Arusha ulijaa wataalamu wa afya ya uzazi kutoka pande zote za dunia. Mkutano uliandaliwa na kitengo cha afya ya uzazi cha Chuo Kikuu cha Harvard pamoja na MDH, shirika la Kitanzania lenye makao Dar es Salaam. Arusha haikuchaguliwa kwa ajili ya hoteli na mbuga pekee. Kanda ya Kaskazini imeishi na watafiti wa kigeni kwa miongo mingi. Hospitali ya KCMC pale Moshi imefanya kazi na Wanorwei wa Chuo Kikuu cha Bergen na Wamarekani wa Chuo Kikuu cha Duke. Hospitali ya Haydom, huko Mbulu, ilianzishwa na Walutheri wa Norwei mwaka 1955, na bado wapo nayo.

Kwa muda mrefu swali la ushirikiano huu unamfaa nani lilibaki la semina. Januari 2025 likawa la mshahara na dawa, pale Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje na miradi ya afya ikafungwa ghafla. Ilipofika Julai, USAID, shirika lenyewe la misaada la Marekani, halikuwepo tena. Tangu hapo zinasikika kauli mbili. Moja inasema afadhali, sasa tujitegemee, maana hawa wamekuwa wakichukua takwimu zetu na kujijengea majina. Nyingine inasema bila wao akina mama watakufa, mengine ni kelele za siasa. Nadhani zote mbili zinakosea kwa kuweka miradi yote katika kapu moja. Ipo iliyotufaa sana, ipo iliyotuachia makabati ya fomu, na tofauti yake inaonekana mtu akiangalia ndani ya wodi.

Tuanze na hali ilivyo. Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2015-16 ulikadiria vifo vya uzazi kuwa 556 kwa kila vizazi hai 100,000. Ule wa 2022 ulikuta 104. Rais Samia Suluhu Hassan alipewa tuzo na Taasisi ya Gates Februari 2025 kwa ajili ya kushuka huko, na mafanikio yapo: wanaojifungulia kituoni wamepanda kutoka 63% hadi 81%, na mfumo wa m-mama umewapa wajawazito usafiri wa dharura kwa kupiga 115. Lakini makadirio ya Umoja wa Mataifa kwa mwaka 2020 yalikuwa 238, zaidi ya mara mbili ya 104. Sina sababu ya kumtuhumu yeyote kwa kupika namba. Utafiti wa kaya hupata idadi hii kwa kuwauliza wanawake kuhusu dada zao waliofariki, kwa hiyo kila kadirio lina nafasi kubwa ya kupanda au kushuka. Hoja yangu ni kwamba hata kujua ni mama wangapi wanakufa bado tunategemea makadirio, na utafiti huo wa kaya kwa miaka mingi umegharimiwa kwa sehemu kubwa na fedha za Marekani zile zile zilizokatwa.

Namba inayoniumiza zaidi ni ya watoto. Vifo vya vichanga katika siku 28 za kwanza vilikuwa 25 kwa kila vizazi hai 1,000 mwaka 2015-16. Mwaka 2022 vilikuwa 24. Akina mama wengi zaidi wamefika hospitali, watoto wao wamezaliwa mikononi mwa wakunga waliosomea, na bado wanakufa karibu kama zamani. Kwa hiyo tatizo haliishii njiani tena. Lipo leba, kwenye dakika zile za kwanza, na kwenye chumba cha watoto njiti. Mtu anayesema hatuhitaji utafiti zaidi atuambie kwanza kwa nini namba hii imegoma.

Wanaotetea tafiti kubwa za kimataifa wana hoja moja ambayo sijasikia ikijibiwa. Vifo vya uzazi, kwa uchungu wake wote, ni vichache katika hospitali moja kiasi kwamba hospitali hiyo peke yake haiwezi kugundua dawa ipi inaokoa. Dawa ya traneksamiki, inayozuia damu iliyoganda isiyeyuke mapema, ilijaribiwa kwa wanawake 20,060 waliovuja damu baada ya kujifungua, katika nchi 21, Tanzania ikiwemo. Matokeo yalitoka 2017: waliokufa kwa kuvuja damu walikuwa 1.5% kati ya waliopewa dawa, na 1.9% kati ya wasiopewa. Hiyo ni tofauti ya wanawake wanne kwa kila elfu moja. KCMC, Mawenzi na Mount Meru zikiungana zingesubiri miaka mingi mno kuiona tofauti hiyo, na huenda zingeiacha dawa zikidhani haisaidii. Hali ilikuwa hiyo hiyo kwa utafiti uliotangazwa 2023 kutoka hospitali 80 hivi za Kenya, Nigeria, Afrika Kusini na Tanzania. Humo wakunga walitumia mfuko wa plastiki wenye alama za vipimo kupima damu anayopoteza mama, badala ya kukadiria kwa macho, kisha wakampa matibabu yote kwa pamoja bila kungoja moja lishindwe ndipo wajaribu jingine. Kuvuja damu kupita kiasi, upasuaji wa kuzuia damu na vifo vitokanavyo, vikijumlishwa, vilipungua kwa 60%. Sehemu kubwa ya kazi hiyo ilifanywa na wakunga wa Kiafrika, kwa kifaa rahisi. Anayetaka tufunge mlango ajue anafungia na maarifa ya aina hii.

Upande wa pili nao una uzito, na wengi wanaousema ni wauguzi, si wanasiasa. Mkunga wa zamu ya usiku anaandika kila uzazi kwenye Kitabu cha 12 cha MTUHA, mfumo wa serikali wa kukusanya taarifa za afya. Mradi ukija, anajaza na fomu ya mradi, au kishikwambi, kwa maswali yale yale yaliyopangwa tofauti. Kisha mradi unaajiri wasaidizi wa utafiti kwa posho ambayo wodi haiwezi kulipa, na wanaokwenda ni wale wazoefu. Mama anabaki na wachache waliokosa nafasi. Fedha zikiisha vishikwambi vinaondoka, na Kitabu cha 12 kinabaki na mapengo yake.

Halafu kuna ridhaa. Mama aliye katikati ya uchungu, au anayevuja damu, anaridhiaje kuingizwa kwenye utafiti? Kamati za maadili na NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu, zina taratibu zake: ndugu anaweza kuulizwa, au mama akaombwa ridhaa hali ikishatulia. Taratibu hizo nazikubali, kwa sababu bila hizo tusingejua lolote kuhusu dharura. Ila mama mkwe aliyekaa benchi la nje na chupa ya mtori, akiletewa karatasi ya kurasa kadhaa na mtu mwenye koti jeupe, hasaini kwa sababu ameelewa. Anasaini kwa hofu kwamba mkwewe asije akaachwa. Watafiti wazuri wanalijua hili na hueleza mapema, mama akiwa bado anahudhuria kliniki. Wengine wanaridhika na sahihi.

Lililo zito zaidi ni nani anayechagua swali. Mjamzito wa Longido au Ngorongoro anaweza kufa kwa kukosa gari, au akafika akakuta damu ya kundi lake haipo. Benki ya damu ya kanda iko Moshi, na barabara ya kutoka Loliondo kila mtu anaijua. Lakini ruzuku hufuata dawa na vifaa, kwa kuwa hivyo hupimika ndani ya miaka mitatu na huandikika vizuri kwenye jarida.

Haydom ndiko kulikonifanya nisichague upande kwa urahisi. Mafunzo ya kumsaidia mtoto asiyepumua anapozaliwa, kwa kumkausha, kumsisimua na kumpa hewa kwa mfuko na barakoa, yalijaribiwa katika hospitali nane za Tanzania. Matokeo ya 2013 yalionyesha vifo vya saa 24 za kwanza vikishuka kwa 47%. Ingetosha kusherehekea. Lakini timu ya Haydom, Watanzania na Wanorwei, iliendelea kukaa wodini na kuangalia, ikakuta jambo lisilopendeza: baada ya mafunzo ya siku moja wakunga walifanya vizuri sana kwenye mwanasesere, ila kwa watoto halisi hali haikubadilika. Wakaliandika hilo na kulichapisha. Kisha wakabadili utaratibu: mazoezi mafupi ya mara kwa mara, palepale leba. Vifo vya saa 24 za kwanza vikashuka kutoka 11.1 hadi 7.2 kwa kila 1,000. Kulinganisha kabla na baada si ushahidi wa mwisho, lakini mbinu hiyo ilikua, ikaingizwa katika mpango uliofika hospitali na vituo 30 vya Manyara, Tabora, Geita, Shinyanga na Mwanza, na matokeo yake yalichapishwa 2025. Mradi wa miaka mitatu usingegundua kwamba mafunzo yake yenyewe hayafanyi kazi. Ungeshafungasha.

KCMC nayo ina rejista ya vizazi iliyoanza mwaka 2000 kwa ushirikiano na Bergen. Wakunga wanamhoji mama baada ya kujifungua, na akirudi kwa uzazi mwingine kumbukumbu zake zinaunganishwa. Ndiyo iliyowawezesha watafiti wa hapa kuonyesha jinsi kifafa cha mimba au kuzaa njiti kunavyojirudia kwa mama yule yule, nao Watanzania wakapata shahada za uzamivu kwa data ya nyumbani. Ina kasoro yake: KCMC ni hospitali ya rufaa, kwa hiyo wanaofika huko hawawakilishi Rombo wala Same. Hata hivyo kwangu rejista ile ina thamani kuliko majaribio mengi yenye majina makubwa, kwa kuwa swali lolote jipya linaweza kuulizwa juu yake, na anayeuliza anaweza kuwa daktari kijana wa Moshi asiye na mfadhili.

Basi sikubaliani na wanaoshangilia kuondoka kwa wafadhili, wala na wanaotaka warudi kama walivyokuwa. Serikali yetu ilitia sahihi Abuja mwaka 2001 kwamba 15% ya bajeti itakwenda afya, na haijafika huko. Tumewaachia wageni kazi ya kutuhesabia wafu wetu, kisha tukalalamika kwamba wao ndio wanaojua. NIMR na waganga wakuu wa mikoa wana nguvu ya kibali. Waitumie kudai mambo mawili kabla utafiti wowote wa uzazi haujaanza Arusha au Kilimanjaro: data iingie kupitia Kitabu cha 12 na si kando yake, na mkataba utaje ni bajeti ipi, ya halmashauri au ya wizara, itakayomlipa mkunga na mtunza kumbukumbu mwaka wa kwanza baada ya mfadhili kuondoka. Halmashauri isiyokuwa tayari kuandika kifungu hicho isiombe mradi.